Kikopo cha Wifi

Mikindani nzima ilijua kwamba hakuna jambo la mwili wa binadamu ambalo Bi Husna angeshindwa kulitaja kwa jina lake. Alikuwa kungwi, tena kungwi wa kugombewa. Wari wa unyago walichezwa siku aliyosema yeye, na kuna maharusi wa Mtwara mjini waliosogeza harusi zao mbele ili wampate. Akisimama mbele ya wanawake, kanga moja kifuani na nyingine kiunoni, alieleza mambo ambayo mama wakwe walijifunika nyuso kwa mitandio wasiyaone, huku masikio wameyaacha nje.

Basi Bi Husna huyohuyo, tangu mabibo ya mikorosho yalipoanza kuiva, alikuwa akiona damu chooni na hajamwambia mtu.

Kwanza aliyasingizia mabibo. Msimu ukaisha, mabibo yakaondoka, damu ikabaki. Akaisingizia pilipili, akaacha kuitia kwenye mchuzi, na mumewe Bakari akala pweza chapwa siku nyingi bila kuuliza, kwa kuwa Bakari alikuwa seremala wa maneno machache na aliamini kwamba jikoni pana sababu zake. Mwisho akakata shauri kuwa ni bawasiri. Akanunua mizizi sokoni, akaichemsha, akawa anainywa kwa kujificha. Bakari alipoikuta sufuria akaambiwa ni dawa ya mgongo.

Mizizi ilikuwa michungu hasa, ila damu haikuijali. Na choo chenyewe kilikuwa kimebadilika tabia. Leo kinagoma, kesho kinamkimbiza, na hata akitoka anajihisi kama hajamaliza. Kanga ambazo alizoea kuzifunga mara moja sasa zilimzunguka kiunoni na kubaki. Wenzake wakamsifu kwamba amepungua vizuri. Alicheka nao, akaenda nyumbani na kijasho chembamba.

Ndipo akaja Nesi Jesca. Alikuwa binti wa Bukoba, mrefu, mpole, ambaye hospitali ya mjini ilimpa kazi ya kuzunguka mitaani kupima watu saratani ya utumbo mpana. Mwenyekiti wa mtaa alimwambia wazi kwamba bila Bi Husna ataondoka mikono mitupu, kwa hiyo siku moja kabla ya mkutano Jesca alikwenda kwake kumwomba msaada. Wakakaa barazani. Jesca akamweleza kwamba ugonjwa huo huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, kinakaa miaka kimya, na kikiwahiwa kinakatwa mambo yakaisha. Kisha akataja dalili: damu kwenye choo, choo kubadilika, kuhisi hujamaliza, kupungua mwili.

Bi Husna alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Moyoni alijisikia kama mtu aliyechunguliwa akiwa chooni.

"Nitakusaidia, mwanangu," alisema. "Wanawake wa hapa niachie mimi."

Kesho yake kina mama walijaa kwenye ofisi ya mtaa. Jesca akasimama na kwa Kiswahili cha semina akasema kwamba kila aliyefikisha miaka arobaini na mitano anahimizwa kuwasilisha sampuli ya kinyesi. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza kuwasilisha wapi. Mwingine akauliza cha nani.

Bi Husna akainuka. "Mwanangu, kaa upumzike kidogo." Akawageukia wenzake, akashika kiuno. "Wanawake wenzangu, huyu mtoto ametoka Bukoba, amepita mikoa yote hiyo, amekuja Mikindani kutafuta mavi."

Ofisi ililipuka. Mwenyekiti akatoka nje mwenyewe bila kufukuzwa.

"Kidogo tu!" Bi Husna aliendelea. "Msije na ndoo. Kiasi cha korosho moja kwenye kikopo, tena korosho iliyobanguliwa. Kuna damu nyingine inajificha humo, wewe huioni, kipimo kinaiona. Ikionekana, unakwenda kutazamwa ndani. Isipoonekana, unakwenda zako kupika." Kisha akapiga makofi na kuwatungia wimbo palepale, wa kikopo kilichokwenda hospitali kwa mguu wake kwa sababu mwenye nacho aliona haya. Wanawake wakaitikia, wengine wakasimama kuucheza. Siku ile vikopo vya Nesi Jesca viliisha vyote, na cha kwanza alikichukua Bi Husna mwenyewe, hadharani, akakiinua juu watu wakakiona.

Akafika nacho nyumbani akakiweka juu ya kabati, akakitazama.

Kukijaza lilikuwa jambo dogo, ila alijua kabisa kitakachoonekana. Alihisi kwamba kikopo kikikaa kitupu, basi ugonjwa nao haujaja, na kikijaa tu utakuwa umekaribishwa ndani na kupewa kiti. Lakini asipokirudisha, yeye aliyekiinua juu, atawatazamaje watu? Asubuhi ya kurudisha ilipofika akakitia kwenye pindo la kanga, akavuka ua kwenda kwa wifi yake.

Wifi yake ni Riziki, mdogo wake Bakari, mjane, muuza vitumbua. Tangu Husna alipoolewa wawili hao hawakuwahi kuamkiana bila kutupiana neno.

"Wifi, nina shida," Husna alisema.

"Najua. Umemchosha kaka yangu, umekuja kunichosha na mimi."

"Niazime mavi."

Riziki akaacha kugeuza vitumbua. Akamtazama, akatazama kikopo, akaanza kucheka hadi akakaa chini.

"Tumbo limefunga," Husna alijitetea. "Limefunga kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu. Na nesi anakuja saa nne. Wewe chako umeshakijaza?"

"Muda mrefu. Na yalibaki," Riziki alijibu akifuta machozi. "Lete. Mahari yote ile kaka yangu aliyokutolea, leo ukoo unakuongezea na hiki."

Basi vikopo viwili vikaenda mjini, kimoja kimeandikwa Riziki na kimoja kimeandikwa Husna, na vyote vilitoka tumbo moja.

Jesca aliporudi na majibu aliwakuta wote wawili uani kwa Riziki, wakichagua mchele. Akawaomba faragha.

"Bibi zangu, msiogope," alisema. "Vipimo vya karibu watu wote viko salama. Vyenu viwili vimeonyesha damu. Si lazima iwe saratani, mara nyingi huwa ni kitu kingine, lakini inabidi mje hospitali mtazamwe kwa kamera."

Husna alishusha pumzi. Kwa muda mfupi sana alifurahi, maana damu ile si yake. Kisha akamwona Riziki ameushika ungo wa mchele kama mtu aliyesahau unafanya kazi gani, na furaha ikageuka aibu.

Jesca alipoaga tu, Riziki akamvuta wifi yake nyuma ya nyumba.

"Damu yangu, wifi. Mara mbili!"

"Pole, wifi yangu. Nitakusindikiza. Nitakaa na wewe hadi mwisho."

"Utanisindikiza hadi kitandani. Unajua maana ya kamera ile? Inaingilia huko." Akaonyesha kwa kidole. "Siendi peke yangu. Umeitwa kwa jina lako, utaingia kwa jina lako."

"Lakini kikopo hakikuwa changu!"

"Mwambie nesi, basi. Mwambie kungwi wa Mikindani aliwaimbisha watu, halafu akaenda kuomba kwa jirani. Mimi nitakuitikia wimbo."

Husna alinung'unika hadi jioni, akamlaumu Riziki kwa ukaidi, lakini alipojilaza kupumzika akagundua kwamba kifua chake kimekuwa chepesi. Ametekwa nyara, na utekaji ule hauchukii.

Walipewa miadi ya Jumatatu asubuhi, na dawa ya kusafisha tumbo ya kunywa siku ya kuamkia, kwa hiyo Jumapili walikwenda Chuno, Mtwara mjini, kwa Latifa, binti yake Riziki, ili wawe karibu na hospitali. Nyumba ya Latifa ilikuwa na choo kimoja. Hakuna aliyelifikiria hilo.

Wakanywa dawa mchana, jagi kwa jagi. Ilikuwa na ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa limau. Mwanzo hapakuwa na kitu, na Husna akaanza kuitania kwamba ni dawa ya watoto. Hakumaliza sentensi. Alikimbia, akafunga mlango, na kabla hajakaa vizuri akasikia Riziki anaugonga.

"Wifi, fanya hima!"

"Ndiyo kwanza naanza!"

"Wifi, mimi namaliza!"

Latifa akamshika mama yake mkono, wakakimbilia nyumba ya pili kwa Mwalimu Filipo, mtu wa heshima aliyehamia kutoka Songea. Siku hiyo jumuiya ya Wakatoliki ilikuwa inasali kwake, sebule imejaa watu na rozari zao, na choo kiko mwisho wa korido. Riziki akapita katikati yao na baibui lake, mbio za adabu. Baada ya kitambo akapita kurudi. Kisha akapita Husna, maana choo cha Latifa kilikuwa kimeishiwa maji. Kisha Riziki tena. Kila wanapopita wanaona haya kupita kimya, wanasema hamjambo, na jumuiya nzima inaacha sala kuwajibu hatujambo. Mwishowe Riziki alichanganyikiwa, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na watu wote kwa mpigo wakajibu, "Milele, amina!"

"Mama zangu," Mwalimu Filipo alisema kwa upole, akiwa amefungua mlango wa korido na kuuwekea kiti usijifunge, "msihangaike na salamu. Piteni tu. Sisi tutawaombea."

Wakawaombea kweli, kwa majina, wakati mmoja wao yuko ndani na anasikia.

Jumatatu walifika hospitali wakiwa wepesi kama maganda. Jesca akawapa suruali za karatasi zenye mwanya nyuma. Riziki akaingia wa kwanza. Ilipofika zamu ya Husna, akamwona daktari, akasimama mlangoni. Daktari Isaya alikuwa kijana ambaye Husna angeweza kumzaa, ndevu bado zinajikusanya.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimefundisha nusu ya wanawake wa wilaya hii namna ya kujisitiri. Leo nikugeuzie wewe mgongo?"

"Mama, na mama yangu mzazi nilimpeleka kwa mwenzangu akatazamwa hivihivi," Daktari Isaya alijibu. "Alinipa masharti. Na wewe toa ya kwako."

Husna akafikiri. "Usinisemeshe. Na usiimbe."

"Nimekubali."

Akachomwa sindano ya usingizi. Kitu cha mwisho alichokisikia ni mkono wa Jesca uliomshika bega.

Alipozinduka, Riziki alikuwa kitanda cha pili akila biskuti. "Vinyama viwili, wifi! Wamevinyofoa palepale, sikusikia hata kidogo. Wanasema vingeachwa vingekuja kunisumbua." Alikuwa anang'aa. Husna akataka kumtania, lakini Daktari Isaya alikuwa amevuta kiti na kukaa, na madaktari hawakai kwa habari ndogo.

"Mama, kuna uvimbe," alisema. "Uko chini, karibu na njia ya kutokea. Nimechukua kipande kwenda maabara. Majibu ndiyo yatakayosema, lakini sitaki kukudanganya, sura yake sijaipenda."

Husna alitazama dari. "Daktari, kile kikopo hakikuwa changu."

Daktari na Jesca wakatazamana. "Kilikuwa cha nani?"

"Cha huyo anayekula biskuti."

Riziki akaacha kutafuna. Husna akaeleza yote, mabibo, pilipili, mizizi, damu ya miezi, na alivyoogopa. Aliyasema haraka haraka akiwa ameelekea ukutani. Jesca alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kidogo, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ungeleta chako ungefika hapahapa," Daktari Isaya alisema. "Na usingeleta chochote usingefika. Mshukuru wifi yako."

Ndipo Bi Husna, aliyezoea kuwaona wengine wakijifunika nyuso, akavuta shuka akajifunika wake. Akalia. Riziki akashuka kitandani na suruali yake yenye mwanya, asijali nani anaona nini, akamkumbatia.

"Ulikuwa unatoka damu na huniambii?" alimwambia sikioni. "Mimi unayenitukana kila siku?"

Majibu yalikuwa kama daktari alivyohofia. Husna akaenda karakana kwa Bakari, akamkuta anapiga randa mlango wa mtu. Akamweleza akiwa amesimama. Bakari akaweka randa chini, akafuta vumbi la mbao kwenye benchi ili mkewe akae.

"Nilijua si mgongo," alisema. "Mtu mwenye mgongo hainami kufagia ua mzima."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu." Akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu. "Tunaondoka lini, mke wangu?"

Waliondoka wiki ileile kwenda Dar es Salaam, na vipimo vikaonyesha kwamba uvimbe bado umekaa palepale ulipoota, haujapeleka watoto kwenye ini wala mapafu. Alipewa mionzi na vidonge vya kuupunguza, na vidonge vikamwondolea hamu ya chakula na kumchoma viganja. Zikapita siku alizogeukia ukuta na kumwambia Bakari wamrudishe tu nyumbani. Bakari hakubishana. Alikaa, akamenya chungwa, akampa kipande kimoja, kisha kingine. Baadaye akapasuliwa, uvimbe ukatolewa wote, na ili utumbo upone vizuri wakamwekea njia ya muda tumboni, yenye mfuko wa kupokea choo.

Mfuko ule aliuchukia kwanza kwa moyo wote. Haukuwa na adabu. Ulinguruma wageni wanapomwombea dua. Akaupa jina la Mke Mwenza, kwa sababu umekuja bila yeye kuulizwa, unalala kati yake na mumewe, na ukitaka kusema haungoji zamu. Tangu ulipopata jina, hasira ikapungua. Waliporudi Mikindani na Bakari akaona kwamba kuchuchumaa chooni kuumwaga mfuko kunamtesa, akatengeneza kiti cha mninga chenye tundu katikati na pa kuegemeza mikono, akakipiga msasa hadi kikateleza kama sinia. Wanawake wa mtaa wakaja kukiona, wawili wakaagiza cha kwao. Riziki naye akaja kukijaribu, akakaa muda mrefu kuliko haja yake.

"Wifi, toka."

"Ngoja. Sijawahi kupendwa hivi na mtu yeyote."

Daktari alikuwa amemwambia Husna kwamba ndugu zake wa damu nao wapimwe. Ndugu alikuwa mmoja tu, kaka yake Nassoro, mwenye shamba la minazi Msimbati. Nassoro alikuwa na kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alijulikana kwa kumtimua kiboko aliyepotea njia kutoka mto Ruvuma na kuingia kwenye mihogo yake, na habari ile aliisimulia kila mwaka, kiboko akinenepa. Alipopigiwa simu kuhusu kamera, alisema mtandao unakatika. Ulikatika kila mara alipopigiwa.

Husna alipopata nguvu akachukua bajaji pamoja na Riziki, wakaenda. Nassoro alikuwa anacheza bao na wenzake. Alipowaona akainuka kutoroka, akakumbuka kwamba yeye ni Nassoro, akakaa.

"Dada, karibu. Umepona, alhamdulillahi. Mimi mzima, kama unavyoniona."

"Mimi nami nilikuwa mzima. Nilicheza ngoma hadi siku ya kupimwa."

"Mambo hayo si ya mwanamume," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mtu mzima, nina jina langu hapa."

"Kiboko je, alikuwa mkubwa kiasi gani?" Riziki aliuliza kwa sauti ya juu. Wenzake wakaacha kete.

"Mkubwa."

"Na kamera ni nyembamba kama kidole," Husna alisema. "Basi nieleze, kaka, umtimue kiboko, ukikimbie kidole?"

Wakati huohuo Mke Mwenza akaamua kuchangia. Alinguruma mngurumo mrefu, wenye kupanda na kushuka, mbele ya wanaume wote. Zamani Husna angetamani ardhi ipasuke. Akapapasa kanga tumboni kwa utulivu.

"Mnasikia? Huyu naye anasema kaka yangu aende. Ni mke mwenza wangu, nilipewa hospitali kwa sababu nilichelewa. Nassoro, unataka wa kwako, au unawahi?"

Wenzake walicheka hadi bao likapinduka, na katika kicheko kile mzee mmoja akauliza polepole kama na yeye anaweza kwenda, maana ana jambo linamsumbua siku nyingi. Nassoro akamtazama yule mzee, akamtazama dada yake, akaona jinsi mashavu yalivyomwingia ndani na shingo ilivyokonda. Sauti yake kubwa ikampotea.

"Uliogopa, dada?"

"Sana. Hadi niliazima kikopo."

Ilibidi amweleze kikopo gani. Alipomaliza, Nassoro alikuwa anacheka na macho yana maji, na alikuwa ameshakubali.

Wakawapeleka Mtwara, yeye na yule mzee. Husna alikuwa na miadi yake siku hiyohiyo. Daktari Isaya akazitazama picha zake mpya, akazirudia, akamwambia kwamba hakuna kilichobaki, ataendelea kufuatiliwa, na baada ya Ramadhani watamfungia ile njia ya tumboni.

"Kwa hiyo Mke Mwenza anaachwa?" Riziki aliuliza.

"Talaka tatu," Husna alijibu, akaficha uso kwenye kanga kidogo.

Yule mzee alikutwa na bawasiri, akapewa dawa. Nassoro akatoka wa mwisho, anayumba kwa usingizi, suruali ya karatasi imemkaa upande.

"Wanasema safi," alitangaza ukumbi mzima ukasikia. "Safi kama chupa!"

"Iliuma?"

"Sijui, nililala." Akajitupa kwenye benchi kati ya dada yake na Riziki, akashika tumbo. "Tangu jana sijatia kitu mdomoni. Nani ana chakula?"

Riziki akafungua kapu. Alikuwa amekuja na ming'oko ya kuchemsha iliyochimbwa porini kama viazi, pilipili na chumvi kwenye karatasi, na chai kwenye chupa. Husna akachovya wa kwake kwenye pilipili, akala taratibu, wakati kaka yake anamaliza kapu na kuanza kumsimulia mgonjwa wa benchi la pili jinsi alivyoikabili kamera.